Mfumo wa Kompyuta wa Kubebea Makontena

Neno kontena liliingia katika Kiswahili kwa njia ya bandari. Maana yake inajulikana na kila aliyepata kupita Mombasa au Dar es Salaam: ni sanduku kubwa la chuma, lenye vipimo vilivyokubaliwa na mataifa, lifungwalo kwa mpelekaji na kufunguliwa kwa mpokeaji, bila ya mchukuzi wa njiani kuhitaji kujua kilichomo. Biashara hiyo huhesabiwa kuanza mwaka 1956, Mmarekani Malcom McLean alipopakia makontena 58 katika meli iliyoitwa Ideal X, iliyotoka Newark kwenda Houston. Baadaye mafundi wa kompyuta waliliazima neno hilo hilo wakalipa maana ya pili. Na ijapokuwa maana hiyo sasa imo vinywani mwa vijana wengi wa kazi hiyo, maelezo yake kwa Kiswahili ni machache. Makala haya yanakusudia kueleza kontena la kompyuta ni nini, mfumo uliotengenezwa makusudi kwa kulibeba una sifa gani, na kwa nini nguvu za mfumo huo hutokana na mambo uliyonyimwa kuliko yale uliyopewa.

Yafaa kwanza kutenganisha vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni mashine yenyewe, yaani kompyuta ya chuma na umeme. Cha pili ni mfumo wa uendeshaji, ambao ni mkusanyiko wa programu zinazosimama baina ya mashine na kazi za watu. Ndani yake kuna kiini, na kiini hicho ndicho kigawacho kumbukumbu, diski na mtandao kwa kila programu inayoomba. Kiini kinachotumika zaidi katika kompyuta kubwa za kukodisha ni Linux, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Cha tatu ni programu za wenye kazi: daftari la benki, orodha ya vitabu vya maktaba, au hazina ya maneno ya kamusi. Ama lile liitwalo wingu si kitu cha angani. Ni majumba yaliyojaa kompyuta, ambamo mtu hukodi nguvu za mashine kwa saa au kwa mwezi badala ya kununua mashine yake mwenyewe.

Kontena, basi, si mashine, wala si programu ya namna mpya. Ni programu ya kawaida iliyozungushiwa pazia. Nyuma ya pazia hilo programu huona faili zake tu. Majirani zake haiwaoni, na hudhani kwamba kompyuta nzima ni yake peke yake. Pamoja na pazia hupimiwa kibaba: kumbukumbu kadha wa kadha, na fungu fulani la nguvu za kukokotoa, na hairuhusiwi kuzidisha. Yote inayoyahitaji ili ifanye kazi hufungwa pamoja nayo katika taswira moja, kama vile shehena ifungwavyo katika sanduku, na taswira hiyo huweza kupelekwa katika kompyuta yo yote yenye kiini cha namna hiyo ikawaka bila ya kurekebishwa.

Mambo haya hayakuzuka siku moja. Mwaka 1979, katika toleo la saba la mfumo wa Unix, kulikuwako amri ya kuifanya programu ione fungu moja la faili kana kwamba ndilo diski zima. Mwaka 2000 mfumo wa FreeBSD uliongeza kizuizi kikali zaidi, ambacho wenyewe walikiita jela. Wahandisi wa Google walianza mwaka 2006 kutengeneza njia ya kupima vibaba katika Linux, na kazi yao ikaingizwa katika kiini hicho mwaka 2008. Hata hivyo ufundi huo ulibaki mikononi mwa wachache mpaka mwaka 2013, ilipotolewa Docker, programu iliyorahisisha ufungaji na upelekaji wa taswira. Mwaka uliofuata Google ilitangaza Kubernetes, programu ya kusimamia makontena mengi katika kompyuta nyingi. Jina hilo ni la Kigiriki, na maana yake ni mshika sukani.

Makontena yote ya kompyuta moja hutumia kiini kimoja. Hapa ndipo yanapotofautiana na mashine bandia, ambazo kila moja huwa na kiini chake. Makontena ni kama vyumba vya nyumba moja ya kupanga: kila mpangaji ana mlango wake na kufuli lake, lakini paa ni moja. Paa likivuja, wote hulowa. Kwa sababu hiyo swali la mfumo unaoyabeba makontena ni kubwa kuliko linavyodhaniwa. Mtu aweza kuifunga programu yake kwa uangalifu wote, na bado akapata hasara kwa kuwa nyumba iliyo chini yake ni mbovu.

Mifumo ya kawaida ya uendeshaji iliundwa kwa mtu mmoja anayekaa mbele ya mashine moja. Ndani yake mna mamia ya programu, na mna programu maalumu ya kuongeza nyingine na kuziondoa. Msimamizi huingia, huandika amri, hubadili faili, hutoka. Desturi hii haina ubaya katika kompyuta moja. Lakini mahali penye kompyuta mia tano, kila moja ikiguswa na watu kadha kwa siku mbalimbali, baada ya mwaka hapana mbili zilizo sawa. Moja ilirekebishwa usiku wa dharura na hapana aliyeandika. Nyingine ilikosa sasisho kwa kuwa mtandao ulikatika. Wahenga walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na ndivyo ilivyo. Aidha, kila programu isiyohitajika ni tundu ambalo adui aweza kulipitia, hata kama mwenye nyumba hakumbuki kwamba lipo.

Mwaka 2013 kampuni ya CoreOS ya Marekani ilitoa mfumo uliojaribu kuuondoa ugonjwa huu kwenye shina. Mfumo huo, ambao baadaye uliitwa Container Linux, uliazima fikira zake nyingi katika mfumo wa kompyuta ndogo za Google uitwao ChromeOS. Ulikuwa na kiini, programu chache za lazima, na programu ya kuwasha makontena, basi. Haukuwa na programu ya kuongeza programu nyingine. Aliyetaka kuongeza kitu ilimpasa akilete ndani ya kontena.

Jambo lake kubwa lilikuwa namna ya kujisasisha. Sehemu ya diski yenye programu za mfumo ilifanywa mbili zilizo sawa, na kila moja ikawa haiandikiki na programu za kawaida. Kompyuta ikiwa inafanya kazi kwa sehemu ya kwanza, toleo jipya hupakuliwa na kuandikwa katika sehemu ya pili, ambayo wakati huo imelala. Kwanza huhakikishwa saini yake ya kidijiti, ili ijulikane kwamba imetoka kwa mtengenezaji na si kwa laghai. Kisha kompyuta huzimwa na kuwashwa kwa sehemu mpya. Katika jedwali la diski zimeandikwa alama tatu kwa kila sehemu: ipi itangulie, imebakiwa na majaribio mangapi, na kama imewahi kuwaka salama. Toleo jipya likishindwa kuwaka, majaribio yake huisha, na kompyuta hurudi yenyewe katika toleo la zamani, ambalo halikuguswa. Hapana hali ya katikati, ambapo nusu ya mfumo ni mpya na nusu ni ya zamani. Njia hiyo hiyo ya sehemu mbili imo leo katika simu nyingi za Android, kwa hiyo wengi wanaisoma habari hii hali wanayo mfukoni.

Lakini kusema kwamba sehemu haiandikiki hakutoshi, maana adui mwenye uwezo mkubwa aweza kuliendea diski lenyewe na kulibadili. Dawa ya jambo hili huitwa dm-verity, nayo iliingia katika kiini cha Linux mwaka 2012. Sehemu ya diski hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida vya baiti 4,096, na kila kipande hufanyiwa hesabu inayotoa alama fupi. Alama za vipande hukusanywa nazo zikafanyiwa hesabu, na alama zitokazo vilevile, mpaka ikabaki alama moja juu ya zote, kama shina la mti. Alama hiyo ya mwisho huwekwa mahali panapoaminiwa. Kila kipande kisomwapo, kiini hurudia hesabu na kulinganisha. Herufi moja ikiwa imebadilishwa, hesabu hazilingani, na kiini hukataa kukisoma. Haikagui mara moja tu wakati wa kuwaka. Hukagua siku zote.

Pana swali linalofuata kwa haki: kama mfumo haubadilishwi, utapewaje jina lake, anwani yake na funguo zake? Jibu ni kwamba huambiwa yote mara moja, siku ya kuzaliwa. Msimamizi huandika faili moja ya maelezo, na programu iitwayo Ignition huisoma kompyuta inapowaka kwa mara ya kwanza, kabla mfumo wenyewe haujaanza kazi. Hugawa diski, huandika faili, hutaja huduma za kuwashwa. Ikishindwa katika jambo moja, kompyuta haiwaki kabisa. Yaani ni afadhali isiwepo kuliko iwepo nusu. Baada ya siku hiyo Ignition haifanyi kazi tena. Anayetaka mabadiliko makubwa huitupa kompyuta hiyo na kuzalisha nyingine kwa maelezo mapya. Faili ile ya maelezo huhifadhiwa, husomwa na wengine, na hivyo yale yaliyokuwa yakijulikana kichwani mwa fundi mmoja huwa maandishi.

Faida ya ukali huu ilionekana Februari 2019. Iligunduliwa kasoro katika runc, programu ndogo inayowasha makontena chini ya Docker na chini ya makundi mengi ya Kubernetes. Kasoro hiyo, iliyopewa namba CVE-2019-5736, ilimwezesha mwovu aliye ndani ya kontena kuiandika upya runc ya nyumba yenyewe; na mara kontena jingine lilipowashwa, amri zake zilitekelezwa kwa mamlaka makubwa kuliko yote. Pazia lilikuwa limetobolewa. Lakini mahali ambapo runc ilikaa katika sehemu isiyoandikika, njia ile ilikwama, kwa kuwa kitendo chenyewe cha kuandika kilikataliwa. Kasoro ilikuwamo na ilipaswa kuzibwa kama kwingineko. Ila wenye mifumo hiyo walipata muda wa kuziba ufa kabla ya kulazimika kujenga ukuta.

Hata hivyo mfumo uliojilinda na wageni ulidhurika kwa jambo ambalo hesabu haiwezi kulizuia. Mwezi Januari 2018 kampuni ya Red Hat iliinunua CoreOS kwa dola milioni 250. Red Hat ilikuwa na mifumo yake, ikaamua kuunganisha fikira za CoreOS na kazi zake yenyewe. Kwa hiyo Container Linux ikapangiwa siku ya mwisho, nayo ni tarehe 26 Mei 2020. Baada ya siku hiyo hapakutolewa sasisho. Yafikiriwe maana yake. Mashine zilizokuwa zimezoeshwa kupokea usalama wao kutoka mkono mmoja ziliachwa zikiuliza katika anwani ambayo haina jibu jipya. Ziliendelea kuwaka, zikaendelea kufanya kazi, na hapana kilichoonekana kuharibika. Lakini kila kasoro mpya iliyogunduliwa ilibaki wazi ndani yake. Kile kilichokuwa fahari ya mfumo, yaani kujisasisha bila ya kuamrishwa, kilikuwa pia ndicho kiungo chake dhaifu.

Kilichookoa watu wengi ni leseni. Programu za Container Linux zilikuwa huria, na sheria za leseni hizo zilimruhusu mtu mwingine kuzichukua na kuziendeleza. Kampuni ya Kinvolk ya mjini Berlin ilikuwa imekwisha kufanya hivyo mwaka 2018, na mfumo wake uliitwa Flatcar. Aliyekuwa na Container Linux aliweza kuhamia Flatcar bila ya kuanza upya: aliielekeza kompyuta yake katika anwani nyingine ya masasisho, na akaipa ufunguo mwingine wa kuhakikisha saini. Ufunguo ule wa zamani ulikuwa katika sehemu isiyoandikika, hivyo haukuweza kufutwa. Ilibidi ufunguo mpya utandazwe juu yake kwa muda, mpaka toleo la Flatcar lenye ufunguo wake lilipoandikwa katika sehemu ya pili. Kinvolk nayo ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2021. Mwaka 2024 Flatcar ilikubaliwa kuwa miongoni mwa miradi ya Cloud Native Computing Foundation, taasisi inayosimamia pia Kubernetes, ili hatima yake isitegemee kampuni moja.

Katika miaka ya karibuni sifa mpya za mifumo hii zimekuwa na lengo moja: kurudisha uhuru wa kuongeza vitu pasipo kurudisha ule ugonjwa wa zamani. Iliyo muhimu zaidi huitwa sysext, nayo iliingia katika systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux, mwaka 2021. Nyongeza ya namna hii ni taswira iliyofungwa, yenye faili zinazotakiwa kuonekana katika sehemu ya mfumo. Haziandikwi humo; hutandazwa juu yake, kama mkeka juu ya sakafu. Mkeka ukiondolewa, sakafu ni ile ile. Ndani ya taswira huandikwa jina la mfumo na toleo linalolingana nayo, na zisipolingana, nyongeza hukataliwa. Flatcar imeitumia njia hii hata kwa Docker yenyewe, ambayo sasa ni nyongeza badala ya kuwa fungu la msingi. Asiyeihitaji huweza kuiacha, na anayetaka toleo jingine huweza kulileta. Kubernetes nayo huweza kuongezwa hivyo, ikasasishwa kwa wakati wake bila ya kungoja mfumo mzima.

Wengine wamekwenda mbali zaidi katika kunyima. Bottlerocket, mfumo uliotolewa na Amazon mwaka 2020, hauna mahali pa kuandikia amri katika mfumo wenyewe. Mipangilio hubadilishwa kwa kupeleka maombi yenye umbo maalumu, na programu zake nyingi zimeandikwa kwa lugha ya Rust, inayozuia aina nyingi za makosa ya kumbukumbu. Talos haina kabisa njia ya kuingia kwa mbali iliyozoeleka na mafundi. Anayesimamia mifumo hiyo haingii ndani ya nyumba. Husimama mlangoni akatoa barua, akapokea jibu.

Haya yote yana gharama, na si haki kuyaficha. Fundi aliyezoea kuingia na kutazama hujiona amefungwa mikono siku ya msiba, wakati kontena halijibu na sababu haijulikani. Vifaa vigeni, mathalan kadi za kukokotoa zinazotaka programu ya mtengenezaji wake, huleta taabu kwa kuwa programu hizo lazima zilingane na kiini kila kinapobadilika. Tena, kila sasisho huhitaji kompyuta izimwe na kuwashwa, jambo linalowezekana tu ikiwa kazi zimegawanywa katika kompyuta kadha na kuna mshika sukani wa kuzihamisha moja baada ya moja. Mwenye kompyuta moja, anayeibadili kila siku kwa mkono wake, huenda akapata hasara kuliko faida.

Kwa upande wa lugha, maneno ya fani hii bado hayajatulia. Kontena limekwisha kukubalika, na hapana haja ya kulitafutia badala, kwa kuwa mfano wa bandari unamwelekeza msikilizaji sawasawa. Taswira ni bora kuliko picha, maana kinachotajwa si kitu cha kutazamwa bali nakala kamili ya kitu. Ama mfumo usiobadilishwa, jina hilo lisichukuliwe kwa ukamilifu wake: mfumo huo hubadilika, tena mara nyingi, lakini hubadilishwa wote pamoja, kwa toleo zima lenye saini, wala si kwa mkono wa mpitanjia.

Taasisi inayotaka kuweka kumbukumbu zake juu ya mfumo wa namna hii yapasa iulize maswali matatu kabla ya yote. Nani anashika ufunguo wa kutia saini katika masasisho? Ameahidi kuyatoa mpaka lini? Na akiacha, leseni inamruhusu mwingine kuichukua kazi hiyo? Wenye Container Linux waliojua jibu la swali la tatu walihama mwaka 2020 kwa kubadili anwani na ufunguo. Wasiolijua, na wasiochukua hatua, walibakia katika nyumba iliyofungwa vizuri sana, ambayo fundi wake amekwisha kuondoka.